Surf Inavuta Hewa

Ka ushaishi Kansanga, unaijua mangware yake: rolex zinageuzwa kwa kikaango, boda zinafukuzana Ggaba Road, wasee wa Kampala International University wanakimbilia lekcha. Sisi mbogi ya Nairobi tuliongeza kelele yetu: selfu ya ndai ya beshte yangu, Surf ya dizeli. Inalia, inalia, moshi mweupe kidogo, kimya. Mpigo wa tano ndio inashika. Ikishawaka haina maneno, inapanda Muyenga ka mbuzi.

Makanika wa kwanza akatuuzia betri. Wa pili, hita plagi zote nne. Ganji ya keja ikaisha, na ndai bado iko leba kila asubuhi.

Aliyetuokoa ni mzae mmoja wa overoli nyeusi ya grisi. Hakufungua hata boneti. "Ssebo, usiku inalala ikiangalia wapi?" Juu, mzee, keja yetu iko kwa mlima. "Leo igeuzeni."

Kesho yake, nusu mpigo tu. Maze!

Rada iko hivi. Kutoka tangi hadi injekta pampu, hiyo dizeli haisukumwi, inafyonzwa. Tundu likiwa hapo, hutaona hata tone chini. Hewa ndio inaingia. Ndai ikilala, mafuta yanateleza mdogo mdogo kurudi tangini, na ikiangalia juu yanateleza vizuri zaidi. Na sisi tulikuwa tunatafuta unyevu chini ya ndai ka mafala.

Mzae akachomoa hozi inayoingia pampu, akaweka kipande cha mpira wa kuona ndani, bei ya rolex mbili. Tukawasha: viputo vinapita ka soda. Akauhamisha nyuma ya filta, upande wa tangi: safi kabisa. Ina maana hewa inaingilia hapo katikati. Kucheki, ile pampu ya mkono juu ya filta imechoka oringi, na hozi imepasuka chini ya klipu, place jicho halifiki. Ka viputo vingebaki hadi huko nyuma, angeipa injini dizeli ya jerikeni, ndio ajue ka shida iko kwa mabomba ya tangi.

Akakata hozi mbovu, akafunga mpya na klipu mpya, akabadilisha oringi. Halafu kutoa hewa: unapampu kwa mkono hadi iwe ngumu, unalegeza nati za mabomba ya injekta, unapiga selfu hadi dizeli itoke bila povu, unakaza. Lakini ka ndai yako ni komon reli, hizo nati usiguse, jo! Presha ya mle hupita baa 1000, na dizeli ya hivyo inapenya ngozi.

Mpira tuliutoa, ju dizeli huukausha ukapasuka. Uko kwa buti. Ka yako inakusumbua mangware, kuja uazime, lakini urudishe.