Vumbi la Biro ni Vumbi Pia

Ndugu mfanyakazi, wewe unalijua vumbi la shimoni. Unajua kumwagia mwamba maji kabla ya kuutoboa, na unajua kufunika pua na kinywa. Leo tunataka kusema juu ya mtu ambaye hashuki shimoni hata siku moja: yule anayekaa katika sekretaria. Pengine ni mke wako. Pengine ni mtoto wako aliyemaliza shule, ukamnunulia mashini ya kuchapa na paneli mbili za jua ili ajitafutie riziki.

Kutoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka Fizi kule mlimani, watu wanahitaji karatasi. Karte ya mchimbaji, cheti cha kuzaliwa, mitihani ya shule, barua ya kuomba kazi: yote hupita katika chumba kidogo cha sekretaria. Dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi la barabara. Nje grupu inaunguruma. Ndani mtu ameinama juu ya gazeti kuukuu, anajaza kartushi kwa unga mweusi kutoka katika chupa. Amekwisha kupiga chafya mara mbili. Mikono yake, nywele zake na chai yake vimepata kila kimoja sehemu yake.

Unga huo ni nini? Si wino kama ule wa kalamu. Sehemu kubwa ni plastiki. Ndani yake umechanganywa weusi wa kaboni, ambao ni ndugu ya masizi, na mara nyingi unga wa chuma unaovutwa na sumaku. Kila chembe imepakwa silika laini sana, ili unga utiririke kama maji wala usigandamane. Jina la silika lisikutishe: hii si ile ya mawe ya kwartzi inayoharibu mapafu ya mchimbaji.

Namna ya kuutengeneza utaitambua mara moja. Plastiki huyeyushwa pamoja na kaboni, ikapoa, ikavunjwa vipande. Vipande husagwa, kisha hupigwa kwa upepo wenye nguvu mpaka chembe zigongane na kupasuka. Halafu huchekechwa kwa hewa: kubwa zinarudi kusagwa, ndogo mno zinatolewa. Ni kazi ile ile ya kusaga mawe ya madini, ila hapa mawe ni plastiki.

Mambo haya yalianza tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kukodi mtaani Astoria, New York. Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa mpaka likapata umeme, wakaweka juu yake kioo chenye maandishi, wakaliangazia kwa taa. Kisha wakanyunyiza unga laini wa mmea na kupuliza ule uliozidi. Maandishi yakabaki: «10-22-38 ASTORIA». Mwaka 1938 hapakuwa na njia nyingine. Lakini anayepuliza kartushi kwa kinywa leo amerudi nyuma zaidi ya miaka 80.

Mwaka 1959 kampuni ya Xerox ilitoa mashini yake 914, iliyofanya fotokopi kwenye karatasi ya kawaida. Karatasi ikinasa karibu na mahali pa moto, iliweza kuungua. Kwa hiyo mashini iliuzwa pamoja na kizima-moto kidogo. Ngoma yake, yaani bomba linalopokea picha kwa umeme, ilipakwa seleni. Na seleni hutoka wapi? Hutoka katika matope yanayobaki shaba inaposafishwa kwa umeme. Mtu wa shaba na mtu wa biro walikuwa jamaa bila kujuana.

Gary Starkweather, mhandisi wa Xerox, ndiye aliyefikiri kutumia mwali wa leza kuandika juu ya ngoma. Mwaka 1971 alikuwa na mashini iliyofanya kazi hiyo kule Palo Alto, na mwaka 1977 Xerox iliuza mashini kubwa iitwayo 9700. Hizo zilikuwa mashini za makampuni makubwa. Mtu wa kawaida asingeweza kuzinunua, wala kuzitunza.

Uvumbuzi uliozifikisha mashini hizi kwetu ni kartushi. Canon waliitia katika fotokopi ndogo mwaka 1982, na mwaka 1984 ikawa ndani ya LaserJet ya Hewlett-Packard, iliyochapa nukta 300 katika kila inchi. Katika kisanduku kimoja walifunga unga, ngoma, wembe wa mpira unaokwangua unga usioingia katika karatasi, na chumba cha kuhifadhi unga huo uliokwanguliwa. Wengi huisifu kartushi kwa sababu ni nyepesi kubadilisha. Sisi tunaisifu kwa sababu nyingine: ni chombo kilicholifunga vumbi. Unga huzaliwa humo, na usiotumika hufia humo humo.

Na tangu hapo kufunga huko kumezidi kuwa na maana. Ili herufi zitokee safi zaidi, watengenezaji walipunguza ukubwa wa chembe. Za zamani zilizidi maikroni 10. Nyingi za leo ni kati ya 5 na 8. Unywele wa mtu una kama maikroni 70. Siku hizi upo hata unga usiosagwa kabisa, unaokuzwa ndani ya maji mpaka chembe zake ziwe za mviringo. Herufi zimependeza kweli. Lakini wewe wa shimoni unaijua sheria ya vumbi: chembe kubwa hukamatwa na pua, ndogo hupita na kushuka kifuani. Kadiri chapa ilivyozidi kuwa nzuri, ndivyo ilivyozidi kuwa lazima kisanduku kisifunguliwe ovyo.

Tunajua ya kwamba kartushi mpya ni ghali na ya kujaza ni rahisi. Hatumlaumu anayejaza. Tunataka tu asome karatasi yake kama wewe unavyosoma mwamba, maana karatasi humwambia hali ya hewa anayovuta. Ukurasa ukitoka na kijivu mahali palipotakiwa kuwa peupe, pengine wembe umechoka, au chumba cha unga uliotumika kimejaa, au unga si wa mashini hiyo. Katika hali hizo unga huweza kuruka ndani ya mashini, na feni inautoa chumbani. Doa likijirudia kwa umbali ule ule, pima kwa rula: ngoma ya upana wa milimita 30 hurudia alama yake kila milimita 94 hivi. Ngoma hiyo imekwaruzwa, au imeachwa juani wakati wa kujaza. Ifunike kwa kitambaa kizito, usiiguse kwa vidole.

Alama inayotuhuzunisha zaidi ni herufi zinazofutika kwa kidole. Unga hushikamana na karatasi kwa kuyeyushwa, na pengi hutakiwa joto la karibu digrii 200. Umeme ukiwa dhaifu, karatasi ikiwa na unyevu wa ziwa, au unga ukiwa wa mashini nyingine, hauyeyuki vizuri. Papa anapokea cheti cha mtoto, anakikunja mara nne, anakitia mfukoni, anapanda pikipiki mpaka Fizi. Akifika, jina la mtoto limebaki katika kitambaa cha suruali. Amelipia karatasi na safari bure. Basi, mwenye sekretaria asugue kila karatasi muhimu kwa kidole kabla ya kumpa mteja.

Kujaza kufanyike nje, kivulini, pasipo upepo, mbali na mbabula na sigara. Unga wa plastiki ukitawanyika hewani karibu na moto huweza kuwaka ghafla. Kwa sababu hiyo kartushi iliyokwisha isitupwe katika moto wa takataka, na watoto wasiifanye gari la kuchezea. Anayejaza avae maski na glovu. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeweka weusi wa kaboni katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vikaleta kansa. Katika unga huu kaboni imefungwa ndani ya plastiki, na si sumu ya kumwangusha mtu siku moja. Lakini anayejaza kila juma, mwaka baada ya mwaka, hana sababu ya kuuvuta.

Uliomwagika ufutwe kwa kitambaa chenye maji baridi, usifagiliwe kwa ufagio mkavu. Maji ya moto hapana, kwa maana huulainisha ukashika nguo. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kufua shati kwa maji ya moto. Shati lingaliko, na doa nalo lingaliko. Kabla ya kutoa karatasi iliyonasa karibu na mahali pa moto, zima mashini, ungoja nusu saa.

Neno moja kwa akina mama. Mtu wa sekretaria akikohoa zaidi ya majuma mawili, asiseme tu «ni unga wa mashini». Aende kituo cha afya apimwe makohozi, hasa kama anaishi nyumba moja na mchimbaji, kwa sababu vumbi la mawe humfungulia mchimbaji mlango wa kifua kikuu, na kifua kikuu huambukiza walio karibu. Na amweleze munganga kazi zote mbili za nyumba yake, ile ya shimoni na ile ya biro.