UVIMBE WA TAYA KWA MTOTO SI JINO TU

Anayeteremka kutoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay huiacha baridi ya Umatengo na kupokewa na joto la ziwani pamoja na mbu wake. Tofauti ya namna hiyo ilimfumbua macho daktari mmoja juu ya saratani ya watoto.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine huko Jinja. Kisu hakikufaa kitu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa huu hupatikana penye joto na mvua, ambapo malaria ni nyingi, na ni nadra milimani kwenye baridi.

Kwa nini? Mwaka 1964 watafiti wa London, Epstein, Achong na Barr, walitangaza kuona kirusi katika chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Karibu kila mtu anacho kirusi hicho, na wengi hakiwadhuru. Lakini malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto na kuchochea chembe nyeupe za damu zigawanyike mno. Hapo vipande vya kromosomu huweza kubadilishana mahali, na chembe ikawa haijui tena kuacha kugawanyika. Uvimbe huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Haraka hiyo ndiyo udhaifu wake, kwani dawa hizi huua hasa chembe inayogawanyika. Siklofosfamaidi huharibu vinasaba vyake. Vinkristini huvuruga nyuzi zinazoigawa chembe. Miaka ya 1960, Burkitt huko Kampala na Peter Clifford huko Nairobi waliona uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.

Vinkristini hutoka katika ua dogo la waridi au jeupe, lenye petali tano, linalopandwa mbele ya nyumba zetu. Tunaonya: msilichemshe mkanywa. Ni sumu.

Basi tufanye nini?

1. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

2. Taya likivimba, meno yakilegea, jicho likitokeza au tumbo likijaa, msikimbilie kung'oa jino wala kumtafuta mchawi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, iwe Litembo, Peramiho au iliyo karibu, apimwe na kupewa rufaa. Muhimbili, Dar es Salaam, hutibu saratani za watoto.

3. Uvimbe ukiyeyuka, msikatishe dawa. Chembe chache zilizobaki huanza upya.

Nauli ni nzito, tunajua. Ndugu na jumuiya wachange mapema. Ugonjwa huu haungoji mavuno ya kahawa.