Jina Pekee Halimtambulishi Mgonjwa

Mapema mwaka 2018 Wakenya walishtushwa na habari kutoka Hospitali Kuu ya Kenyatta. Wagonjwa wawili walikuwa wamebadilishiwa vitambulisho. Mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda kwenye ubongo. Mwenzake alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Aliyepasuliwa kichwa ni huyu wa pili. Wengi walimlaumu daktari. Mimi nadhani kisa hicho kilituachia swali pana zaidi: tunamtambua mtu kwa kitu gani?

Kwa mtazamo wa isimu, jina halikuundwa ili kumtenga mtu na watu wengine wote. Mara nyingi kazi yake ni kumfungamanisha na jamaa zake. Miongoni mwa Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Ndiyo maana binamu kadhaa huitwa jina moja. Kwa Wajaluo, Otieno ni aliyezaliwa usiku, na usiku huzaliwa wengi. Huko Pwani, karani mmoja ataandika Mohamed, wa pili Mohammed na wa tatu Muhammad, nayo tarakilishi itadhani hao ni watu watatu. Aidha, mwanamke akiolewa na kubadili jina, faili yake ya awali hubaki yatima.

Kwa hivyo, kila mgonjwa anahitaji nambari yake pekee. Hata hivyo, nambari nayo hukosewa. Nchini Uingereza, nambari ya mgonjwa ina tarakimu 10, na ile ya mwisho hukokotolewa kutokana na 9 zinazoitangulia. Karani akikosea tarakimu moja, tarakilishi huikataa nambari nzima. Wazungumzaji wa Kiswahili hawapaswi kushangazwa na mbinu hiyo. Tunaposema "kitabu kile kikubwa kimeanguka", kiambishi ki- hujirudia mara nne. Sikio likikosa kimoja, vilivyosalia hulisahihisha. Hospitalini pia urudiaji huo unafaa: muuguzi asome nambari, kisha amuulize mgonjwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa.

Hiyo ni hatari ya kuwachanganya watu wawili. Ipo hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ya kuchanganya nafasi mbili za mtu mmoja.

Mtazame mwanafunzi wa udaktari. Chuoni ana nambari ya usajili. Akihitimu, atasajiliwa na baraza linalosimamia madaktari. Lakini yeye naye ni binadamu. Huugua, na pengine hutibiwa katika hospitali ile ile anamofunzwa. Anayemtahini leo huenda ndiye msimamizi wa wadi kesho. Iwapo nambari moja itafungua milango yote, mhadhiri anayetafuta alama za mtihani ataweza kuona kwamba mwanafunzi huyo anatibiwa sonona au anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Mwanafunzi akilitambua hilo, ataficha ugonjwa wake. Hatimaye tutapata daktari mgonjwa ambaye hajatibiwa, naye ndiye tutakayemkabidhi maisha yetu.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Nayo Sheria ya Afya Dijitali ya mwaka 2023 imeweka msingi wa mfumo mmoja wa habari za afya nchini. Kuunganisha mifumo ni jambo jema, kwa kuwa mgonjwa aliyetibiwa Kitale hapaswi kuanza upya akifika Mombasa. Hata hivyo, kuunganisha si kuanika.

Rai yangu ni hii. Mwanafunzi awe na nambari yake ya chuo, mgonjwa awe na yake ya matibabu, na daktari awe na yake ya leseni, hata ikiwa wote watatu ni mtu mmoja. Ufunguo wa kuzihusisha nambari hizo uwe mikononi mwa wachache, na kila anayefungua faili aache jina lake humo, ili mwenye faili aweze kujua ni nani aliyeisoma. Mgonjwa huulizwa yeye ni nani kila aingiapo hospitalini. Ni haki naye awaulize swali hilo hilo wanaozisoma siri zake.