Hukumu ya Kuuza kwa Simu Bidhaa Usiyoimiliki

Siku hizi duka na simu vimeungana: mteja huona picha ya kitambaa kwenye simu, hulipa kwa simu, kisha hukifuata dukani. Je, biashara hii inasihi?

Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la OIC, katika kikao chake cha 6 mjini Jeddah mwaka 1990, lilijuzisha mikataba kwa vyombo vya mawasiliano, isipokuwa nikahi, sarfu na salam. Basi tatizo si simu. Tatizo ni muuzaji anayeonyesha picha ya mali asiyoimiliki, akapokea fedha, ndipo akaitafute Kariakoo. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam (r.a.) kuuza asichokuwa nacho, na wanazuoni wakabainisha kuwa ndani yake mna gharari.

Njia za halali zipo. Ama awe wakala, amnunulie mteja kwa ujira uliotajwa. Ama wafunge salam hapo dukani, sifa, kipimo na muda vibainishwe, na thamani yote ilipwe kabla hawajaachana.

Tunawausia maimamu wawafundishe wafanyabiashara haya, kwani chumo la haramu huondoa baraka. Wallahu aalam.