Kabla Utoe Doh ya Baiki ya Road, Uliza Mlima

Jumapili mangware, kabla mathree zianze kelele, Thika Road huwa na wenyewe. Wasee wa taiti na helmeti wameinama kwa hando, wanakatiza Roysambu wakielekea Ruiru ka wamekimbizwa na karao. Ukiwacheki ukiwa steji unajiambia, "maze, hii form nimeikubali." By saa tatu uko kwa simu ukicheki mapicha za baiki, na ushachagua moja tayari: kaboni, nyeusi tii, jina la kampuni limejaa paipu ya chini. Hapo ndio wengi huchomeka.

Baiki ya road ya Nai haichaguliwi na macho. Inachaguliwa na mlima. Tao yenyewe iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukinyonga hadi Limuru unapita 2,200. Ukishuka Magadi Road unajibamba ile mbaya, lakini si lazima urudi? Kila njia safi ya huku imeficha mlima mahali, so swali ya kwanza kwa muuzaji si "hii ni ya kampuni gani?" Ni "nyuma iko na meno ngapi?"

Wacha nikuchanue pole pole, ju hapa ndio doh ya wengi huisha. Baiki mob za mtumba zenye hushuka na kontena Mombasa zilikuwa za wasee wa resi huko majuu. Mbele unapata meno 53 na 39, nyuma kaseti inaishia 25. Ukiingia gia nyepesi kabisa, 39 mbele na 25 nyuma, ukizungusha pedali mara moja baiki inasonga karibu mita 3.3. Sasa cheki ile wanaitanga kompakti: 50 na 34 mbele, kaseti ya kufika 32 nyuma. Hapo kuzungusha mara moja kunakusongesha kitu mita 2.2. Hiyo mita moja unaiona ndogo, lakini ndio hufanya msee apande mlima wa Banana akipiga stori, mwingine apande amesimama kwa pedali, magoti zinalia, na mzee wa baiki ya Mamba amebeba kreti ya mkate anampita bila hata kuhema. Huyo mzee wa Mamba mzoee mapema. Atakupita mara mob.

Na usikubali ile ya "utachange kaseti baadaye." Kuna kale kamkono ka nyuma kenye huvuta cheni. Kakiwa kafupi hakawezi kumeza meno kubwa, zingine mwisho wake ni 28. Muulize fundi kabla utume pesa, si ukishatuma.

Ukidhani kulia na mlima ni mambo ya wasee wa mtaa, rudi Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalikam Afrika kwa mara ya kwanza, hapo tu Rwanda. Resi ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5 na kupanda zaidi ya mita 5,000. Tadej Pogačar akaibeba, na wenye walimaliza walikuwa 30 pekee. Wengine wote walisarenda njiani, na hao ni watu hulipwa kunyonga. Sasa wewe wa kushinda kwa kiti ofisini Westi siku tano, hiyo 39 na 25 unajiwekea ya nini?

Saizi ndio inafuata, na bado jina la kampuni lingoje. Fremu hupimwa na sentimita: 50, 52, 54, 56, hivyo. Msee wa futi tano na inchi nane ama tisa mara mingi huangukia 54, lakini kuna wenye ni miguu mob na wenye ni mgongo mob, so jipime. Simama ukutani bila ndula, bana kitabu katikati ya miguu juu kabisa, penye siti ingekukalia, alafu beshte apime kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha na 0.67. Ukipata 81, uko around 54. Baiki ikiwa kubwa kwako itakumaliza mgongo na shingo. Muuzaji atakushow, "si unashusha tu siti?" Siti itashuka, sawa, lakini hando haitakukaribia. Ukiskia hiyo lugha, sare.

Tuseme saizi iko fiti na gia ziko fiti. Inama sasa uikague, na usione aibu hata akianza kunung'unika. Shika breki ya mbele, sukuma baiki mbele na nyuma. Ukiskia tok tok chini ya hando, kuna beringi imeisha. Shika mkono wa pedali uutikise upande kwa upande, ukicheza, hiyo ni beringi ya katikati. Zungusha gurudumu ucheki rimu inapita aje kati ya raba za breki. Alafu pitisha kidole kwa ukuta wa rimu, penye raba hushika: ikiwa imebonyea ndani, imeliwa, na siku moja itapasuka ukiwa kwa mteremko. Mwisho, jaribu kuchomoa siti na mlingoti wake. Ikikataa katakata, imeshikana na fremu, na hapo hata ile saizi umejipimia haikusaidii.

Kaboni ndio ya kuogopa. Aluminiamu na chuma zikigongwa, mara mingi huonyesha, unaona imebonyea. Kaboni inaeza kuwa imepasuka ndani na rangi bado inang'aa. Chukua sarafu ya mbao, gonga paipu pole pole ukisonga nayo. Sauti inatoka kali, kali, kali, alafu mahali pamoja inakuwa nzito, imezibwa. Hiyo baiki achana nayo. Ukiniuliza mimi, fremu ya kaboni ya mtumba si ya msee wa baiki ya kwanza, period. Chukua aluminiamu yenye foki ya kaboni, ama chuma poa, na gia za Shimano za kawaida: Claris, Sora, Tiagra. Hizo fundi hata wa mtaani anazijua, na sipea zake hazisumbui.

Na ka unahofia mbogi itakucheka ju ya baiki ya kawaida, kumbuka Chris Froome. Alizaliwa hapa Nai 1985, na akiwa chipukizi alikuwa ananyonga na David Kinjah na mayut wa mbogi yake, Safari Simbaz, huko Kikuyu, si na kampuni kubwa ya Ulaya. Alikuja kubeba Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka wa 2024, Biniam Girmay wa Eritrea akachukua stegi tatu za hiyo Tour na jezi ya kijani juu. Asmara nayo iko juu kuliko Limuru, so huyo mlima alianza nao utotoni.

Bei sitakutajia, ju bei ya mtumba Nairobi huangalia ndula zako kwanza. Enda na msee anajua, yeye abonge, wewe nyamaza. Lakini ukiwa na ngiri 40, usimalize yote kwa baiki. Kuna helmeti, na iwe mpya, ju helmeti ikishagonga lami mara moja kazi yake imeisha na hutaona chochote kwa nje. Kuna taa ya nyuma, tyubu mbili za akiba, pampu ya mkono. Pia kuna kaadapta kadogo ka shaba, bei ya chapo madondo tu, ka kukuwezesha kujaza hewa petroli steshoni, ju valvu za baiki za road ni nyembamba na ile pampu yao haizishiki.

Taya nazo, nyingi huja na upana wa milimita 23, na hizo ni za lami ya majuu. Yetu iko na mashimo, vioo za chupa za Jumamosi, na zile matuta ndogo ndogo za kukutetemesha meno. Fremu ikimeza 28, weka 28. Msee wa kilo 70 yuko poa na psi 75 hivi. Ukipata pancha yenye mashimo mawili yamekaa sambamba, usitafute msumari. Hewa ilikuwa kidogo, tyubu ikabanwa kati ya shimo la barabara na rimu.

Sasa barabara. Expressway sahau, baiskeli hazikubaliwi. Njia za baiskeli za Thika Road ziko, lakini kuanzia saa mbili zimejaa maboda, wamama wa mahindi na ndai zimepaki, ndio maana wasee hutoka mangware. Usianze solo. Dere wa mathree akiona mbogi ya watu kumi na taa, huwa anafikiria mara mbili. Kwa msupa anayeanza hii ni muhimu hata zaidi, ju kelele za barabarani tunazijua. Uliza mbogi ka kuna madem wengine na ka kuna msee wa kukaa nyuma na wenye wameachwa. Ka hakuna, tafuta mbogi ingine.

Ndani ya mbogi kuna lugha yake. Wa mbele akionyesha chini na kidole, kuna shimo. Mkono ukipanda juu, wanasimama. Mtu akiita "ndai nyuma!" mnaingia laini moja. Kaa futi mbili tatu nyuma ya gurudumu la mwenzako, upepo unamgonga yeye, wewe unapumzika. Lakini gurudumu lako la mbele lisiwahi kupishana na lake la nyuma, ju akihepa kitu kidogo tu, mwenye anaanguka ni wewe. Na kuna wale wa kujificha nyuma hadi Tigoni, alafu mita za mwisho wanachomoka wafike wa kwanza wapige selfie. Hao wanajulikana. Zamu yako ikifika, enda mbele hata ka ni dakika moja.

Mteremko uheshimu. Sule Kangangi, kapteni wa Team Amani, alituacha Agosti 2022 baada ya kuanguka kwa resi ya changarawe huko Vermont, Marekani, na huyo alikuwa pro. Ukishuka Corner Baridi, breki unashika kabla ya kona, si ndani ya kona. Mikono iko chini kwa zile pembe za hando, vidole viwili kwa breki. Mwenye anataka kukupita, mwache apite.

Kula kabla uskie njaa. Ndizi, ngwaci, nduma, hizo zinaingia mfuko wa nyuma wa jezi bila shida, na chai ya kibandani Limuru ni lazima. Baridi ya huko ikikupata ukiwa na jasho, tia gazeti la jana chini ya jezi kabla ya kushuka, wazee wa Tour walifanya hivyo miaka mingi. Kaptura ya sponji nayo inavaliwa bila kitu ndani. Ndio, bila kitu. Mshono wa boksa ukikusugua masaa matatu, Jumatatu utafanya kazi umesimama.

Ukirudi, futa cheni na kitambaa, tia mafuta ya cheni, si ya kupikia, tone moja kwa kila kiungo, alafu ufute tena. Na isilale kwa ngazi hata siku moja, hata soja wa ploti akikuapia. Unaishi floo ya nne? Beba. Ni kilo kumi tu.