Tangi la Matumbawe Nyumbani (3): Chaza Gani wa Kuanza Naye?

Tangi limetulia, maji ya chumvi hayabadiliki ovyo, na matumbawe ya kwanza yameshika. Hapo ndipo mfugaji huanza kuwatamani chaza wakubwa wa jenasi ya Tridacna, wenye nyama inayotandazwa chini ya taa ikimetameta buluu, kijani na zambarau. Rangi hizo ndizo humponza anayeanza, kwa kuwa chaza anayevutia zaidi dukani mara nyingi ndiye mgumu zaidi kumtunza.

Sababu ni jinsi wanavyokula. Huchuja vijidudu majini kama chaza wengine, lakini sehemu kubwa ya chakula chao hutengenezwa ndani ya miili yao. Mwani mdogo usioonekana kwa macho huishi katika ile nyama iliyotandazwa, hupokea mwanga, hutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake. Taa ikiwa hafifu, chaza hufa njaa polepole hata kama maji ni safi.

Tridacna crocea ni mdogo, na hujichimbia mwambani kwenye maji ya kina kifupi yenye jua kali. Tridacna maxima, anayepatikana pia katika miamba ya Kenya na Tanzania, naye hudai mwanga mwingi. Hao wawili ndio wenye rangi kali, na wote wawili wangojee hadi mfugaji apate uzoefu.

Wa kuanza naye ni Tridacna derasa. Rangi zake ni za upole zaidi: kahawia, dhahabu, michirizi, pengine ukingo wa buluu. Hukaa juu ya mchanga, hutosheka na mwanga wa wastani, na hukua haraka. Kukua huko ndiko kasoro yake, kwani anaweza kufikia sentimita 60. Mwenye tangi dogo ajue mapema kwamba siku moja atalazimika kumhamisha.

Faida nyingine ni kwamba derasa huzalishwa. Katika miaka ya 1980, kituo cha ufugaji wa viumbe wa baharini huko Palau kilionyesha kwamba anaweza kukuzwa kwa wingi kutoka kwenye mayai. Biashara ya kimataifa ya chaza hawa wote inasimamiwa na mkataba wa CITES, hivyo mnunuzi ana haki ya kuuliza chaza ametoka wapi na kama vibali vipo. Wa kufugwa hapunguzi chaza wa mwamba wowote.

Dukani, mnunuzi apitishe mkono juu ya tangi. Ukingo wa nyama ya chaza una mamia ya macho madogo mno. Kivuli kikipita, chaza mzima hujikunja mara moja. Anayechelewa, au ambaye tundu lake la kuvutia maji limeachama, aachwe. Ukingo wa gamba uwe na utepe mweupe safi, dalili kwamba bado anakua. Kisha akaguliwe upande wa chini, karibu na nyuzi anazojishikizia: konokono weupe wadogo kama punje ya mchele hujificha huko na kumnyonya usiku. Anayefaa ana urefu wa sentimita 8 hadi 10. Walio chini ya 5 ni dhaifu mno.

Akiwa ameshika jiwe, asing'olewe kwa nguvu, maana nyuzi zikichomoka na nyama yake huenda akafa. Zikatwe kwa wembe, au anunuliwe pamoja na jiwe lake.

Nyumbani awekwe mchangani, juu ya kijiwe bapa. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27, na kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, kwa kuwa gamba hujengwa kwa madini hayo. Dawa ya samaki yenye shaba isiingie kamwe katika tangi hilo: humwua chaza.

Wiki ijayo: samaki wanaoweza kuishi naye bila kumdonoa.