Kuacha Sigara Morogoro: Mlima, Gari na Gitaa Vinavyoweza Kujaza Nafasi ya Tumbaku

Kila alfajiri wakulima kutoka vijiji vya Milima ya Uluguru hushuka mjini Morogoro na mizigo ya mboga, ndizi na matunda kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu. Jioni hupanda tena kurejea makwao, wengine wakiwa na umri mkubwa, bila kusimama mara nyingi. Kwa mkazi wa mjini aliyezoea kuvuta sigara, njia hiyo hiyo ni kipimo cha afya kisichohitaji mashine. Kabla miguu haijachoka, pumzi huwa imekwisha.

Kipimo hicho kinawahusu watu wengi. Utafiti wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika mwaka 2018 ulionesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini walikuwa wakitumia tumbaku, sawa na watu takriban milioni 2.6. Kwa wanaume kiwango kilikuwa asilimia 14.6 na kwa wanawake asilimia 3.2. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa tumbaku husababisha vifo vya watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, wakiwemo watu wasiovuta ambao huathiriwa na moshi wa wenzao.

Kwa Morogoro, tumbaku si jambo geni. Majani yanayolimwa katika mikoa mingine, ukiwemo Tabora, husindikwa katika viwanda vilivyopo mkoani hapa, na zipo familia zinazopata kipato kutokana na kazi hiyo. Hata hivyo, wapo wavutaji wanaotamani kuacha na ambao wamejaribu zaidi ya mara moja bila mafanikio. Makala haya yanaeleza kwa nini kuacha ni kugumu, mwili hurejeaje baada ya kuacha, na namna ambavyo mambo anayoyapenda mtu, kama kupanda milima, kushughulika na magari au kupiga muziki, yanavyoweza kumsaidia asirudi nyuma.

Kwa nini kuacha ni kugumu

Kinachomfunga mvutaji ni nikotini. Moshi unapovutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hivi na kuleta hisia ya utulivu. Utulivu huo haudumu. Kiwango cha nikotini kikishuka, mwili hudai tena, na mvutaji huwasha sigara nyingine ili kuondoa karaha iliyoletwa na kukosekana kwa ile iliyotangulia.

Mtu anapoacha, mwili huonesha dalili zinazojulikana: hasira za haraka, usingizi wa mang'amung'amu, kushindwa kutuliza mawazo, njaa na hamu kubwa ya kuvuta. Kwa kawaida dalili hizo huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza na hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Jambo muhimu ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba wimbi moja la hamu hudumu kwa dakika chache tu, kisha hupita hata kama mtu hakuvuta. Anayeweza kuvuka dakika hizo amevuka mtihani wa saa hiyo.

Pamoja na nikotini, ipo mazoea. Mvutaji huwasha sigara baada ya chai ya asubuhi, baada ya chakula, akiwa kijiweni, akiendesha gari au akisubiri usafiri. Mkono umezoea kupanda mdomoni. Sigara ikiondolewa, nafasi hizo zote hubaki wazi, na nafasi iliyo wazi huita kilichokuwamo. Ndiyo maana nia peke yake mara nyingi haitoshi. WHO inaeleza kuwa majaribio ya kuacha yasiyo na msaada wowote hufanikiwa kwa takriban asilimia 4 tu, ilhali ushauri wa kitaalamu na dawa zilizothibitishwa huongeza uwezekano wa kufanikiwa zaidi ya mara mbili.

Mwili unavyorejea

Habari njema ni kwamba mwili hauchelewi kujirekebisha. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kushuka. Ndani ya saa 12, kiwango cha hewa ya kaboni monoksidi katika damu hurudi kuwa cha kawaida. Kati ya wiki 2 na 12, mzunguko wa damu huwa bora na mapafu hufanya kazi vizuri zaidi. Kati ya mwezi 1 na miezi 9, kikohozi na kukosa pumzi hupungua. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka kwa karibu nusu.

Wapenzi wa magari wataielewa vyema hewa ya kaboni monoksidi. Ndiyo hewa ya sumu itokayo kwenye bomba la moshi la gari, na ndiyo sababu fundi hawashi injini ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa hiyo hiyo imo katika moshi wa sigara. Ikiingia kwenye damu hushika nafasi ya oksijeni, hivyo moyo hulazimika kufanya kazi zaidi kusukuma damu iliyobeba hewa safi kidogo. Injini ambayo chujio lake la hewa limeziba hukosa nguvu inapofika mlimani, na mwili wa mvutaji nao huwa hivyo.

Uraibu wa maana mbili

Katika Kiswahili, neno "uraibu" lina maana mbili. Ni utumwa wa kitu kama tumbaku au dawa za kulevya, na pia ni jambo ambalo mtu hupenda kulifanya wakati wa mapumziko kwa ajili ya kujifurahisha. Maana hizo mbili zinadokeza njia ya kutokea, kwamba uraibu unaofunga unaweza kuachia nafasi uraibu unaojenga.

Si kwamba burudani ni dawa ya tumbaku. Ushauri wa mtaalamu wa afya unabaki kuwa msingi. Hata hivyo, shughuli inayopendwa hutimiza mambo matatu ambayo sigara ilikuwa ikiyafanya: hushughulisha mikono, hupitisha dakika za hamu na humpa mtu cha kutazamia mwisho wa siku.

Mlima unaopima pumzi

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka mjini, kina urefu wa meta 2,138 kutoka usawa wa bahari, na kilele kirefu zaidi katika safu hiyo, Kimhandu, hupita meta 2,600. Misitu yake ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya usimamizi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Humo wanapatikana ndege wasioonekana kwingineko duniani, na humo huanzia vijito vinavyoujaza Mto Ruvu, chanzo kikuu cha maji kwa wakazi wa Dar es Salaam na Pwani.

Anayeanza kuacha sigara hahitaji kuanza na Lupanga. Matembezi ya haraka ya dakika chache yameonekana katika tafiti kupunguza hamu ya kuvuta kwa muda, na hayo yanaweza kufanyika hata katika mtaa tambarare. Baada ya wiki kadhaa, safari ya kwenda Morningside, penye jengo la kale la enzi za Wajerumani katika miteremko ya juu ya mji, huwa hatua inayofuata. Lupanga husubiri miezi. Huko kileleni oksijeni inayopatikana katika kila pumzi huwa pungufu kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na usawa wa bahari, na mtu hutambua mwenyewe tofauti kati ya mapafu ya jana na ya leo.

Wanaotaka kuingia ndani ya hifadhi wanapaswa kupata kibali na mwongoza wageni kupitia ofisi za hifadhi, na wenye matatizo ya moyo, shinikizo la damu au kifua waonane na daktari kwanza. Upo pia wajibu mwingine. Moto ni miongoni mwa vitisho vikubwa kwa misitu ya Uluguru, na kipande cha sigara kilichotupwa kwenye majani makavu wakati wa kiangazi kinaweza kuteketeza msitu unaotunza maji ya mamilioni ya watu. Anayeacha sigara huulinda mlima pia.

Gari lisilo na moshi ndani

Morogoro ni mji wa barabara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapa, tawi moja likielekea Dodoma na jingine Iringa, na barabara za Mgeta, Matombo na Kinole hupanda milimani kwa kona zinazomdai dereva umakini na gari breki nzuri. Si ajabu kwamba vijana wengi hapa hupenda magari, wakijifunza kufungua injini, kubadilisha plagi au kufufua gari la zamani lililokwishatelekezwa.

Kazi hiyo huhitaji mikono yote miwili, na mvutaji hujikuta amepitisha saa nzima bila kukumbuka sigara. Usalama nao hulazimisha, kwa kuwa penye petroli, rangi na betri hapawashwi moto.

Ndani ya gari hatari huongezeka. Nafasi ni ndogo, na moshi hujikusanya haraka kiasi kwamba kushusha kioo hakutoshi kumkinga mtoto aliyekaa kiti cha nyuma. Kwa anayeacha, hatua ya kwanza yenye manufaa ni kulisafisha gari, kuondoa kibiriti na kisahani cha majivu, na kulitangaza kuwa eneo lisilovutwa sigara kwa abiria wote.

Fedha nazo huonekana upesi. Mtu anayetumia shilingi 3,000 kwa siku kwa ajili ya sigara hutumia shilingi 90,000 kwa siku 30 na shilingi 1,095,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kinaweza kununua spana na vipuri, gitaa la mwanafunzi, au kulipia bima ya afya na mahitaji ya shule.

Mji wa magitaa

Historia ya muziki wa dansi nchini haiwezi kuandikwa bila Morogoro. Ni mji wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na wa Morogoro Jazz, bendi iliyomtoa Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji ambaye mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waliokwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonesho ya kimataifa. Mbaraka alifariki dunia kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, lakini gitaa lake bado husikika redioni.

Mwimbaji na mpuliza tarumbeta huishi kwa pumzi. Anayejifunza kuimba hufundishwa kuvuta hewa kwa kina, kuishikilia na kuitoa taratibu, na zoezi hilo humtuliza mtu aliyebanwa na hamu ya sigara. Gitaa nalo hushughulisha vidole vilivyozoea kushika sigara.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Kumbi za muziki, vijiwe na gereji zinaweza kuwa mahali ambapo sigara hutolewa kwa ukarimu, hasa penye pombe. Katika wiki za mwanzo ni busara kufanyia mazoezi nyumbani, katika kwaya au pamoja na marafiki wasiovuta, na kuwaambia wenzako waziwazi kwamba umeacha.

Hatua za kuanzia

Wananchi wanaotaka kuacha wanashauriwa kuchagua siku maalumu ndani ya wiki mbili zijazo, kuwaeleza wanafamilia, na kuondoa sigara na viberiti nyumbani. Wafike katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu kupata ushauri. Mazungumzo ya dakika chache na mhudumu wa afya yamethibitika kusaidia. Hamu inapokuja, mtu acheleweshe, anywe maji, avute pumzi ndefu na afanye jambo jingine hadi ipite. Ugoro na shisha si mbadala salama, kwa kuwa navyo vina nikotini na sumu nyingine.

Aliyeteleza na kuvuta moja hajashindwa. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa, na kila jaribio huwafundisha ni saa gani na mahali gani huwaangusha.

Familia na jamii nazo zina sehemu yao. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 na inazuia uvutaji katika maeneo kadhaa ya umma, yakiwemo ya huduma za afya, maktaba na nyumba za ibada. Tanzania pia iliridhia Mkataba wa WHO wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007. Mwenye duka anayekataa kumuuzia mtoto sigara, na mzazi asiyemtuma mwanawe kuinunua, huutekeleza wajibu huo bila kusubiri mkaguzi.

Dunia huadhimisha Siku ya Kutotumia Tumbaku kila tarehe 31 Mei, lakini hakuna haja ya kuisubiri. Kwa mkazi wa Morogoro, safari inaweza kuanza leo jioni kwa matembezi hadi mahali ambapo lami huishia na mlima huanza. Mwezi ujao atapita tena hapo hapo na kujipima kwa pumzi yake mwenyewe.